Kibuyu Kisichotaka Kelele

Wiki iliyopita nilienda Kitui mjini kumwona kijana wangu, na kitu cha kwanza kunisalimia pale mlangoni hakikuwa yeye. Ilikuwa sauti. Blup. Kimya kidogo. Halafu blup tena. Nikasimama na kikapu changu cha mbaazi mkononi, nikatega sikio kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Ni nini hiyo?"

"Ni bia, mama. Najitengenezea."

Anakaa chumba kimoja, rafiki yangu. Ukitaka kufungua friji, aliyekaa kitandani lazima akunje miguu. Katikati ya friji na kitanda ndipo alipoiweka ndoo nyeupe yenye kifuniko cha kukaza, ameivika jaketi lake, na kwenye kifuniko umetokea mpira mwembamba unaozama ndani ya chupa ya soda yenye maji. Hapo ndipo ile blup inatoka. Amejifunza kwenye simu. Ana kijiti cha glasi chenye alama cha kupimia kama sukari imekwisha, ana kipimajoto, na maneno anayo pia. Nilimsikiliza mpaka mwisho, maana kijana akikuonyesha kitu anachokipenda, ukimkatiza utangoja sana kabla akuonyeshe kingine.

Lakini jicho langu lilikuwa kwingine. Msichana anayekaa naye, mke wake, nitamwita hivyo ingawa hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kwenda kwao kusema lolote, alikuwa akikata sukuma wiki huku akinitazama mimi tu. Wawili hao walikuwa wanazungumza kupitia kwangu. "Mama, mwambie chumvi iko pale juu." "Mama, mwambie nimeiona." Na nyuma ya mlango lilisimama begi la msichana, limefungwa zipu mpaka mwisho. Nililiona, nikajifanya sijaliona. Nikavuta kiti karibu na ile ndoo, nikafumba macho, na nilipovuta pumzi ile harufu tamu yenye ukali kidogo, sikuwa Kitui tena. Nilikuwa Mtito Andei, na umri wangu ulikuwa wa kukosa meno ya mbele.

Malori ndiyo yaliyotupeleka Mtito Andei. Baba alikuwa makanika, na pale barabarani hakukosi lori lililochoka. Tulikaa kwenye ploti ya vyumba vya mabati nyuma ya kituo cha mafuta, kila familia na chumba chake kimoja. Chetu kiligawanywa na pazia la maua. Nyuma ya pazia kilikuwa kitanda cha baba na mama, mbele yake kitanda changu, kisha meza, kisha jiko la makaa karibu na mlango. Chini ya kitanda kikubwa kulikuwa na sanduku la bati la mama, la rangi ya kijani, na hilo nitalirudia. Mchana mabati yalipasuka kwa joto, tah, tah, na asubuhi nyani walipita juu yake kutoka upande wa mbuga wakienda kuangalia ni nani ameacha chakula nje. Nguo zetu zote zilinuka dizeli na chapati.

Chapati zilikuwa za jirani, mama mmoja kutoka Murang'a aliyewapikia madereva asubuhi na kuongoza ushirika wa akina mama wa kanisa letu jioni. Kati yetu na yeye kulikuwa na bati moja tu. Akikohoa, sisi tulimwambia pole. Kwa hiyo alisikia kila kitu cha kwetu, na wakati ule kulikuwa na mengi ya kusikia.

Baba na mama waligombana. Sitakuficha, waligombana sana. Ugomvi ulianzia popote, muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe uliochomeka, ndoo ya maji iliyoachwa njiani, lakini haijalishi ulianzia wapi, ulimalizikia mahali pamoja. "Kwani mimi ni nani kwenu?" mama alikuwa akiuliza. "Niambie. Mimi ni nani?" Na baba alikuwa akitoka nje na kubamiza mlango, na jirani upande wa pili alikuwa akipandisha sauti ya wimbo wa kanisa ili tujue hasikilizi.

Nilikuwa mtoto lakini swali lile nililielewa, kwa sababu nilikuwepo siku lilipozaliwa. Tulikuwa tumeenda kwao mama, Tawa, kwa sherehe ya dada yake. Kwetu Wakamba, mwanamume hajaoa mpaka apeleke mbuzi wa ntheo na uki kwao msichana, uki ndio pombe yetu ya asali, na wazee wa kule waunywe. Baba hakuwa amepeleka chochote. Alimchukua mama wakakaa, basi, mwaka ukapita na mwingine ukapita. Siku ile Tawa wake za watu walipoitwa wakae upande wao, shangazi mmoja alimshika mama mkono akampeleka kwa wasichana wasioolewa, na mimi nikiwa nimemshika gauni. Hakuna aliyemtukana. Alionyeshwa tu mahali pake. Alirudi Mtito Andei na moyo mwingine kabisa, na tangu hapo lile sanduku la kijani likawa linatolewa chini ya kitanda, linajazwa, linarudishwa.

Jioni moja, shule zikiwa zimefungwa tu, nilimkuta mama amelitoa tena, na safari hii nguo zangu pia zilikuwa ndani. Hapo ndipo Susu alipobisha hodi.

Susu ni bibi, mama yake baba. Alikuwa ametoka Kalamba kwa basi na kiondo mgongoni, bila kumwambia mtu, ingawa baadaye nilikuja kujua ni jirani aliyemtumia salamu kwa kondakta. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyeokoka tangu zamani, na akikaa kwenye benchi la kanisa hata mchungaji alinyoosha kola. Akalitazama sanduku, akamtazama mama, akamtazama baba aliyekuwa amesimama na spana mkononi. Nilingoja aseme kitu. Akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi yake alifungua kiondo. Akatoa kibuyu kirefu cha shingo nyembamba, cheusi kwa moshi wa miaka, na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya kitambaa kulikuwa na vipande vya kahawia, vyepesi, vyenye nyuzinyuzi, ungedhani ni vya kujisugulia mgongo. Ilikuwa miatine, matunda ya ule mti unaoota kando ya mito na kuning'iniza mizigo mirefu kama mikono ya jitu. Hukatwa, hutolewa mbegu, huchemshwa, hukaushwa juani, kisha huloweshwa kwenye uki wa mtu mwingine mpaka yajifunze kazi. Baada ya hapo hayasahau. Ukimaliza unayaosha, unayaanika, unayaweka, na siku ukiyatia tena kwenye asali na maji yanaanza kuchachusha kama hayakuwahi kulala.

"Haya nilipewa na susu wa baba yako," aliniambia. "Na yeye alipewa. Usiyachezee."

"Mwaitu," mama akamwambia, yaani mama, maana alimwita kama mama yake mzazi, "si wewe umeokoka? Hiyo ni pombe."

"Mimi siinywi. Mimi naipika," Susu akajibu. "Na hii si ya kulewa. Hii ni ya kuuliza. Itaenda kwenu Tawa na mbuzi. Mbuzi wako tayari Kalamba, nimewafunga mwenyewe. Uki ukiiva tunaenda."

 Nilimwona mama amekaa juu ya sanduku lililofungwa, na hakuliinua.

Sasa kibuyu kitawekwa wapi? Nyumbani Kalamba kuna pembe ya jikoni yake maalumu, karibu na mafiga. Kwetu hakukuwa na pembe. Susu akazunguka chumba akipima kwa macho mwishowe akakiweka palepale kwenye mpaka, chini ya lile pazia la maua, nusu upande wa baba na mama na nusu upande wangu, mahali joto la jiko linafika lakini moto haufiki. Alitia maji vuguvugu, asali, sukari nguru aliyoipondaponda kwa jiwe, akaingiza miatine, akafunika mdomo kwa kitambaa safi bila kukaza. Uki lazima upumue. Halafu, kwa kuwa usiku upepo wa kutoka mbugani hupita chini ya mlango, akadai nguo za kukivika. Baba akatoa sweta lake la kazi. Mama akatoa leso.

"Utatumia ipi?" baba akauliza.

"Zote," Susu akasema, akazizungusha, sweta ndani na leso nje.

Kisha akatoa sheria. Nyumba yenye uki haigombani. Uki unasikia. Ukisikia sauti ya juu unashtuka, ukisikia matusi unageuka siki, na siki haipelekwi kwa wazee, labda kama unataka kurudishwa na mbuzi zako. Vilevile mke na mume hawalali pamoja mpaka uive. Kwa hiyo Susu na mama wakachukua kitanda kikubwa, mimi changu, na baba akatandikiwa godoro sakafuni, kichwa chake upande wa pazia. Ukiangalia vizuri utaona kwamba alilazwa na kile kibuyu katikati yake na mama. Wakati ule sikuangalia vizuri.

Usinicheke nikikuambia kwamba wote wawili waliogopa. Baba aliyekuwa akimpigia kelele tajiri wa lori, na mama aliyekuwa hamwogopi mtu, wote walianza kutembea ndani ya nyumba kwa vidole. Walikuwa watu wa kanisa, lakini walikuwa pia wajukuu wa susu zao, na kila mmoja alikuwa amewahi kusikia ya uki ulioharibikia nyumba fulani na yaliyofuata. Siku ya kwanza hawakusema kitu. Siku ya pili jirani alipita na sahani ya chapati iliyofunikwa.

"Nimekuja kuona kama mko," akasema. "Hii bati imenyamaza, nikadhani mmehama."

Mimi nilipewa kazi yangu. Kila asubuhi kabla ya chai, Susu alinipigisha magoti, niweke sikio kwenye tumbo la kibuyu. Ndani mlikuwa na mvumo mdogo, kama mvua inayonyesha mbali, juu ya mabati ya watu wengine. "Kinasema nini?" Susu aliuliza. "Kinaongea," nilijibu. "Basi tusubiri." Nilipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Mpaka leo nikiamka mapema huwa ninatafuta kitu cha kusikiliza.

Ila watu wawili hawawezi kukaa chumba kimoja bila kuongea. Walianza kwa lazima. "Umeweka wapi ile sufuria?" kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani. Halafu jioni, taa ikizimwa, nilianza kusikia minong'ono ikipita juu ya kibuyu. Jioni moja baba alijaribu kugombana kwa kunong'ona. Alikuwa amekasirikia jambo la shati, akaanza na ule mpangilio wake wa kawaida, lakini matusi kwa sauti ya chini hayana nguvu, rafiki yangu, yanatoka kama mtu anayeomba samahani. Mama alijizuia, akajizuia, mwishowe akaangua kicheko ndani ya blanketi. Susu akakohoa. Na baba naye akacheka.

Baada ya hapo wakaongea. Sikuyasikia yote na mengine sikuyaelewa, lakini moja nimelibeba miaka hii yote. Mama alimuuliza kwa nini hakuwahi kwenda Tawa. Alimuuliza tu, bila kumshtaki. Baba akajigeuza kwenye godoro lake.

"Namwogopa baba yako," akasema. "Wenzangu wameoa kwenu wana mashamba. Mimi niko na mafuta ya gari kwa kucha. Nilikuwa nasema nitaenda nikiwa mtu."

"Nani alikwambia wewe si mtu?" mama akamuuliza.

Nililala nikiwa na furaha iliyonitisha. Ilinitisha kwa sababu nilijua mwisho wake. Kibuyu kikinyamaza uki umeiva, na uki ukiiva sheria inakwisha. Nilikuwa na hakika kelele zilikuwa zimekaa tu pale nje ya mlango zikingoja.

Na siku ikafika. Nikaweka sikio nikakuta kimya. Nikalihamisha sikio, nikakandamiza, hakuna kitu. Machozi yakanijia pale pale magotini. "Susu, kimenyamaza," nikasema. Susu akaja, akanusa mdomo wa kibuyu, akachovya kidole akakigusisha kwenye ulimi na kutema. Halafu akainua macho kuelekea upande wa pili wa pazia. Mama alikuwa amechutama mbele ya sanduku, anakunja gauni, analiweka ndani.

"Bado," Susu akasema. Akachukua chupa ya asali, akamimina kiasi, akakitikisa kibuyu polepole kama anayembembeleza mtoto. Adhuhuri kilikuwa kinaongea tena. Jambo hilo lilitokea mara nyingine, na nyingine. Kila kiliponyamaza Susu alionja, akatazama upande wa pazia, akasema bado. Nami nilimwamini, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua.

Katikati ya siku hizo ikafika zamu yetu ya ushirika. Akina mama wa kanisa walikuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba kila wiki, na zamu huwezi kuikataa bila kueleza sababu, na sababu yetu ilikuwa imevaa sweta na leso chini ya pazia. Susu akalivuta pazia, akalitandaza vizuri, akakaa mbele yake kwenye kiti kama askari wa benki. Wanawake wakajaa kwenye kitanda changu na kwenye mikeka. Joto la watu likawa jingi, na unajua joto linachofanya. Kibuyu kikaanza kuvuma. Jirani akaanzisha wimbo. Kibuyu kikaongeza, kitambaa cha mdomo kikainuka kwa povu, na ile harufu ikatoka taratibu ikasalimia kila mtu. Wanawake wakaimba huku wakitazama juu, mabatini. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka, sijui kwa hofu au kwa kicheko.

Wimbo ulipokwisha jirani akasema tuombe. Yeye ni wa kwao muratina, pombe ya Wakikuyu iliyo ndugu ya uki, harufu ile alikuwa akiijua vizuri kuliko wengi wetu. Akawaombea wagonjwa, akawaombea madereva walio barabarani, kisha akavuta pumzi. "Na Bwana, ubariki nyumba hii," akasema, "pamoja na kila kinachochacha ndani yake, kiive kwa wakati wako." Hakuna Amina niliyowahi kusikia ikitoka kwa Susu kwa nguvu kama ile.

Shule zilikuwa zimekaribia kufunguliwa ilipofika asubuhi ambayo sikuitwa. Niliamka nikakuta mtu mwingine amepiga magoti kwenye nafasi yangu. Alikuwa mama, sikio lake kwenye leso yake mwenyewe.

"Mwaitu," akamwambia Susu, "kimenyamaza."

Susu hakuonja wala hakunusa. Alimtazama mama usoni muda mrefu. "Basi umeiva," akasema. "Twende."

Tulienda. Lakini mama aliondoka na sanduku. Baba alipoliona linatolewa nje uso ulimwanguka, na mama akasema tu, "Siendi kwetu mikono mitupu," na huwezi kujua mtu akisema hivyo anamaanisha nini. Sanduku likapandishwa juu ya basi. Baba alibeba kibuyu mapajani njia nzima, akikilegeza kitambaa kipumue kila tulipopita kwenye mashimo, na sijawahi kumwona ameshika kitu kwa uangalifu vile, hata mimi mwenyewe.

Tawa tuliwakuta mjomba wa baba na mbuzi wametangulia. Wazee walikaa kwenye viti nje ya nyumba, babu yangu wa kule akiwa katikati, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu ambaye hadi siku ile nilikuwa simjui sauti. Maneno yalikuwa mengi na ya kuzunguka, kama ilivyo desturi. Halafu babu akamiminiwa uki kwenye kata. Akamwaga kidogo chini. Hakunywa. Akamwita mama asimame mbele yake, mbele ya wote, shangazi yule wa siku ile akiwa miongoni mwao.

"Mwiitu wakwa, binti yangu," akasema, "hii uki imeletwa na huyu mtu. Sisi hatuwezi kunywa kabla ya wewe kusema. Tunywe, ama tumwage?"

Mama alisimama. Mikono ya baba ilikuwa magotini, na kucha zake zilikuwa zimesuguliwa mpaka zikawa nyekundu, lakini ule weusi ulikuwa haujatoka wote. Nilimshika Susu kiondo. Nilikuwa nimemwona mama akigombana mwaka mzima, nikajua kwamba akitaka, kwa sauti ile yake, angeweza kuvunja kila kitu pale uwanjani na kulifungua sanduku lake kwenye nyumba ya mama yake. Midomo yake ikasogea. Hakuna aliyesikia.

"Ongea, tusikie," mzee mmoja akasema.

"Nimesema mnywe, asa," mama akamwambia baba yake, kwa ile sauti ya chini ya nyumbani kwetu. "Nimezoea kuongea hivi. Uki uko karibu, hatupigi kelele."

Wazee walicheka mpaka babu akashika kofia. Kisha wakanywa, na nikwambie, ule uki ulikuwa mkali. Ulikuwa umelishwa asali kupita kiasi. Mzee mmoja alilala kabla nyama haijaiva, na mwingine alimsifu Susu akamwambia hajaonja wa namna ile tangu ujana wake. Susu akajibu kwamba Mungu ni mwema. Sanduku, kumbe, lilikuwa na sukari, majani ya chai na leso mpya za wamama wa kule juu, na nguo zetu chini. Mama hakuzitoa zile za chini. Siku ya kurudi baba alilipandisha sanduku juu ya basi mwenyewe na akakataa kusaidiwa.

Usifikiri hawakugombana tena. Waligombana, maana wagombanao ndio wapatanao, na wadogo zangu waliokuja baadaye wanaweza kukupa ushahidi. Lakini sauti zikianza kupanda, mmoja wao alikuwa akisema, "Uki unasikia," na hasira ilikuwa ikikosa mahali pa kushika. Baba aliaga dunia akiwa amemshika mama mkono.

Hiyo ploti haipo. Nilipita Mtito Andei juzi juzi nikakuta lodging ya ghorofa, na mhudumu mmoja akanitazama nilivyokuwa nimesimama nikitazama sakafu yake. Susu alizikwa Kalamba, na ule mti wa kando ya mto uliotoa miatine ulikatwa makaa. Vile vipande vyenyewe vilining'inizwa jikoni kwa mama, nasi tulikuwa shule, na kazi, na mambo ya mjini, mpaka mchwa wakavimaliza. Kitu kilichokuwa kimepita mikono ya wanawake wengi hivyo kiliishia kwetu, na inaniuma kusema hivyo. Siku hizi ntheo inapelekwa na kreti za soda na mtu wa kipaza sauti. Soda si mbaya. Ila soda huwa tayari dukani, na hakuna nyumba inayonyamaza kuingoja.

Haya yote niliwasimulia wale vijana wawili kule Kitui, sahani zikiwa magotini kwa kukosa meza. Msichana aliacha kula. Kijana wangu alikuwa amekunja uso, akifanya hesabu zake.

"Lakini mama, kwa ile joto ya Mtito, hiyo kitu ingeiva na siku mbili, tatu. Nyinyi mlikaa nayo likizo nzima?"

"Likizo nzima."

Akaanza kucheka. "Basi Susu alikuwa anawacheza. Ikinyamaza huwa imeiva. Ukiongeza sukari hamira inaamka, inaanza upya. Hata ungetaka mwaka."

Yeye alicheka. Mimi sikuweza. Miaka yangu yote niliamini kwamba uki ule ulichelewa tu. Nikamwona Susu upya, amechovya kidole, ametazama pazia, mwanamke aliyeokoka akilisha pombe asali siku baada ya siku na kuwadanganya watu wazima wawili machoni, mpaka waishiwe na kelele. Nilitaka kumshukuru, na hayupo. Nikainama nikajifanya natafuta kijiko.

Nikalala kwao, kitandani na msichana, kijana wangu sakafuni upande wa ile ndoo. Kabla ya kulala niliwaambia sheria, kwa mzaha. Nyumba yenye uki haigombani. Baadaye kidogo msichana akauliza gizani, kwa sauti ya chini, kama blanketi moja litamtosha. Akajibiwa kwa sauti ya chini kwamba litamtosha.

Asubuhi niliamka nikatega sikio. Chupa ya soda ilikuwa imetulia, hakuna blup. Kijana wangu alikuwa tayari ameamka, ametoa kifuniko, ametumbukiza kile kijiti chake cha glasi na anasoma alama dirishani, anafurahi.

"Imekwisha, mama. Imeiva."

Msichana alikuwa mlangoni anavaa viatu. Begi lilikuwa bado palepale, zipu imefungwa, na mkono wake ulikuwa juu yake.

"Bado," nikasema. "Leteni sukari."